Kuwa macho hakumaanishi hujalewa

Muhula uliopita, Jumatatu moja asubuhi, aliingia ofisini mwangu mwanafunzi wa mwaka wa pili, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa plasta kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alikuja kuomba aongezewe muda wa kuwasilisha insha yake ya semantiki kwa kuwa hakuweza kushika kalamu. Nilimuuliza kilichomsibu. Akaeleza kwamba usiku wa kuamkia Jumamosi, yapata saa tisa, akitoka katika sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake, aliamua kuvuka barabara ya Thika kwa kuruka vizuizi vya katikati, ilhali daraja la waendao kwa miguu lilikuwa hatua mia moja tu kutoka pale aliposimama. Pikipiki ikamkumba. "Ulikuwa umelewa?" nikamuuliza, kama ambavyo mzazi yeyote angeuliza. Akanitazama kwa mshangao usio na hila hata chembe. "La, Daktari, sikuwa nimelewa. Nilikuwa rada kabisa."

Msomaji ambaye hakuzoea lugha ya vijana wa Nairobi ataniwia radhi nikimfafanulia. Kuwa rada ni kuwa macho, kuwa chonjo, kuyajua yote yanayotukia mbele na nyuma yako. Neno limetokana na kile chombo kinachoziona ndege angani kabla jicho halijaziona. Kijana huyu hakuwa akinidanganya. Alipokwisha kunisimulia yote, nilifahamu kwamba yeye na wenzake watatu walikuwa wamegawana chupa ya mililita 750 ya pombe kali, ile waiitayo mzinga, na kwamba yeye na mmoja wao walikuwa wakiichanganya na vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya makopo. Wawili ambao hawakuchanganya walilala fofofo kitini kabla ya saa sita. Kulipopambazuka waliamka na kichwa kinachowagonga, basi. Waliochanganya ndio waliobaki macho, na mmoja wao ndiye aliyeniletea mkono uliovunjika.

Tangu siku hiyo, sentensi yake imekataa kunitoka akilini. Mimi ni mtu wa maneno, si tabibu, na kwa kawaida huwaachia madaktari mambo ya damu na ini. Lakini hapa naona ugonjwa ambao umeanzia katika lugha. Kiswahili chetu kimemchora mlevi kwa sura moja tu. Anapepesuka, ulimi wake ni mzito, kope zimemlemea. Twasema mtu amelewa chakari, amelewa chopi, na kila mara picha tuliyo nayo ni ya mtu aliyezimika au anayekaribia kuzimika. Hata mtu asiyeonja tone la pombe twaweza kusema amelewa usingizi. Kulewa na kusinzia vimefungwa kamba moja katika fikra zetu, hata tukimwona mtu anayeruka na kuzungumza kwa kasi saa tisa za usiku, moja kwa moja twamtoa katika orodha ya walevi. Naye mwenyewe hujitoa.

Ukweli wa mwili ni mwingine. Mchana kutwa, kadiri ubongo unavyofanya kazi, hujikusanya ndani yake kemikali iitwayo adenosini. Hiyo ndiyo itumayo ujumbe kwamba mwenye mwili amechoka na apaswa kulala. Pombe huuongezea nguvu ujumbe huo, na ndiyo sababu anywaye husinzia. Kafeini, iliyomo katika kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu, haiipunguzi adenosini. Kazi yake ni kukikalia kiti ambacho adenosini ilipaswa kukikalia. Ni kama mtu aliyekaa mlangoni pa baraza akawazuia wajumbe wasiingie: habari mbaya zingali nje, ila wazee wa ndani wanaendelea na mazungumzo yao kwa furaha kwa kuwa hakuna aliyewapasha.

Na zile habari mbaya ni nyingi. Ini la mtu mzima huweza kuondoa gramu saba hadi kumi hivi za kileo kwa saa, na hakuna kikombe cha kahawa wala kopo la kinywaji cha nguvu kinachoweza kuliharakisha. Mzinga mmoja wa pombe ya asilimia 40 una takriban gramu 237 za kileo halisi. Ugawe kwa vijana wanne uone: kila mmoja amebeba karibu gramu 60, kazi ya saa sita au zaidi kwa ini lililo zima. Kafeini haigusi hata gramu moja kati ya hizo. Mikono ingali mizito, macho yangali yanakosea kupima umbali wa pikipiki, uamuzi ungali umepotoka. Kilichoondolewa ni usingizi peke yake, na usingizi ndio uliokuwa askari wa mwisho. (Wazee wetu wa pwani walioamini kwamba mlevi hupewa kahawa tungu ili zimtoke walikosea katika jambo hili. Nimewaheshimu katika mengi, lakini kahawa hiyo ilikuwa ikimgeuza mlevi anayelala kuwa mlevi anayetembea.)

Jambo hili si dhana ya mhadhiri wa isimu. Mwaka wa 2006 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanaume 26 walinyweshwa pombe, ama peke yake ama ikiwa imechanganywa na kinywaji cha kuongeza nguvu. Waliochanganyiwa walisema hawakuhisi sana maumivu ya kichwa wala unyonge, na kwamba viungo vyao viliwatii vyema. Walipopimwa kwa vipimo, viungo havikuwa vimewatii hata kidogo zaidi ya wenzao. Miaka minne baadaye, huko Florida, wanywaji waliokuwa wakitoka baa usiku walisimamishwa, wakaulizwa maswali na kupimwa pumzi. Waliokuwa wamechanganya pombe na vinywaji vya nguvu walielekea kuwa wamelewa sana mara tatu zaidi ya wengine, na mara nne zaidi walikusudia kuendesha gari usiku uo huo. Wako wanaobisha, wakisema kwamba labda watu wa aina hiyo ni wajasiri wa kuzaliwa, na kwamba hata wangekunywa maji wangetafuta hatari. Huenda pana chembe ya kweli humo. Lakini mtu jasiri ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa na mwili wake kwamba sasa imetosha.

Wafanyabiashara waliugundua mchanganyiko huu zamani. Huko Devon, Uingereza, watawa wa Kibenedikti wa abasia ya Buckfast wana mvinyo wao wenye asilimia 15 ya kileo ambao pia una kafeini, miligramu 37.5 katika kila mililita mia ya ile chupa ya kijani. Chupa nzima ya mililita 750 ni miligramu 281 za kafeini, kiasi kinachozidi vikombe vitatu vya kahawa. Huuzwa kwa jina la mvinyo wa kutia nguvu, jina lenye harufu ya zahanati, na huko Uskoti umekuwa gumzo la wanasiasa na polisi kwa miaka mingi. Naitaja habari hii kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba jina lililobandikwa chupani lilitangulia kuitakasa pombe kabla mnywaji hajaifungua.

Marekani nayo ikapatwa na zahama yake. Kinywaji kiitwacho Four Loko, ambacho jina lake linapiga mwangwi wa neno la Kihispania la wazimu, kiliuzwa katika makopo ya mililita 695 yenye asilimia 12 ya kileo, pamoja na kafeini, taurini na guarana. Kopo moja la namna hiyo lina gramu 65 hivi za kileo, sawa na bia nne hadi tano za kawaida za huko, tena zikiwa zimefichwa katika ladha ya matunda na sukari. Vijana wenyewe walilipa lakabu ya giza ndani ya kopo. Mnamo Oktoba 2010, wanafunzi tisa wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Washington walikimbizwa hospitalini baada ya karamu ambayo kinywaji hicho kilikuwa mezani. Tarehe 17 Novemba mwaka huohuo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliyaandikia makampuni manne barua za onyo, ikitangaza kwamba kafeini iliyotiwa makusudi katika vileo vya aina hiyo ni kiungo kisicho salama. Wenye Four Loko walitangaza kuiondoa kafeini, na guarana na taurini pia. Kopo lilibaki, na jina lilibaki.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya, maana wengi walidhani kwamba kafeini ilipotolewa, mambo yalikwisha. Mwanzoni mwa mwaka wa 2022 kampuni ya Monster, ambayo makopo yake meusi yenye alama ya kucha yanajulikana dunia nzima, ilitangaza kununua kundi la viwanda vya bia huko Marekani kwa dola milioni 330. Mwaka uliofuata ikatoa kinywaji chake cha kwanza chenye kileo. Kikaitwa The Beast Unleashed, yaani mnyama aliyefunguliwa minyororo. Kina asilimia 6 ya kileo na ladha za matunda. Kwa haki lazima niseme kwamba hakina kafeini, na hayo yanaelezwa bayana. Mwaka wa 2022 pia soda ya Mountain Dew, yenye kafeini na inayopendwa na vijana wa huko, ilipata ndugu yake mlevi asiye na kafeini. Sheria imetiiwa. Basi lawama iko wapi?

Naomba nijibu kama mtu wa taaluma yangu. Jina la bidhaa ni ahadi, na ahadi hiyo hujengwa kwa miaka. Tazama majina ya vinywaji hivi: fahali mwekundu, zimwi, mnyama mwindaji. Yote ni majina ya majigambo, kama yale waliyojipa mashujaa wa vita, na yote yanasema jambo moja: ukinywa hiki hutachoka, hutalala, hutashindwa. Kijana huanza kuisikia ahadi hiyo akiwa na miaka kumi na mitatu, katika mbio za pikipiki na michezo ya kompyuta. Hufikapo miaka kumi na minane, jina halihitaji tena kuelezwa kwake. Sasa jina lilelile linapobandikwa juu ya kileo, ile ahadi ya kuwa macho haiachwi kiwandani. Inasafiri pamoja na jina, hata kama kafeini haikusafiri.

Ushahidi wa jambo hili naupenda kwa sababu ni ushahidi wa kiisimu uliofanywa na watu wa biashara. Mnamo 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyiwa Paris, Ufaransa. Vijana wa kiume 154 walipewa kinywaji kimoja, chenye pombe ileile kwa kipimo kilekile na kinywaji cha nguvu kilekile, na wote walijua kina pombe. Tofauti ilikuwa katika jina tu. Wengine waliambiwa ni mchanganyiko wa vodka, wengine wa juisi ya matunda, na wengine wa vodka na Red Bull. Walioambiwa jina hilo la mwisho walijiona wamelewa zaidi kwa asilimia 51, wakajiamini zaidi mbele ya wanawake na wakathubutu zaidi katika kamari. La kuchekesha, na la kutia moyo kidogo, ni kwamba hao hao walisema wangesubiri muda mrefu zaidi kabla ya kushika usukani. Lakini msomaji aone: herufi chache tu ziliyabadilisha mambo yote hayo. Hapakuwa na tofauti ya gramu hata moja ndani ya bilauri.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeipenda methali hii tangu utotoni, na sasa naiogopa. Maana ndivyo hasa soko linavyofanya kazi. Kijana halihofu zimwi alilozoeana nalo. Angepewa chupa ya pombe isiyo na jina angeuliza ina nini, ina nguvu kiasi gani, imetoka wapi. Akipewa kopo la rafiki yake wa siku zote, haulizi. Na kopo hilo la Marekani, mililita 473 kwa asilimia 6, lina gramu 22 za kileo, ilhali chupa ya nusu lita ya bia yetu ya asilimia 4.2 ina gramu 16 au 17. Ladha ya pichi haitamwambia hivyo. Ulimi ndio mlinzi wa kwanza wa mnywaji, kwa kuwa pombe kwa asili ni chungu na humkemea anayeonja kwa mara ya kwanza. Utamu umemnunua mlinzi huyo.

Asije mtu akaniambia kwamba hayo ni ya Marekani na sisi yatupitie kando. Vinywaji vya kuongeza nguvu vimejaa katika kila kioski kutoka Kisumu hadi Kilindini. Predator, kinachouzwa kwa chupa za plastiki kwa bei ya mwanafunzi, ni chapa ya kampuni iyo hiyo ya Monster. Katika baa zetu vinauzwa vileo vyenye jina la guarana, na ni wanywaji wachache niliowauliza waliojua kwamba guarana ni mmea wa Amazoni ambao mbegu zake zina kafeini nyingi kuliko za mbuni. Mmoja, mwalimu mwenzangu, alidhani ni jina la ufuo. Na hata kama hakuna kiwanda kitakachotuchanganyia, vijana wetu wanajichanganyia wenyewe kila Ijumaa, bila kipimo. Kopo la mililita 250 la Red Bull lina miligramu 80 za kafeini. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema mwaka wa 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mkupuo mmoja na 400 kwa siku. Makopo matatu usiku mmoja yameupita mpaka wa kwanza, na moyo unaodundishwa na kafeini huku ukichokozwa na pombe waweza kukosa mwendo wake. Nusu ya kafeini hiyo ingali mwilini saa tano baadaye, hata usingizi wenyewe ukija unakuja umechanika.

Tangu 2010 tunayo Sheria ya Kudhibiti Vileo, ileile iliyoiondolea chang'aa marufuku, na inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18 na kuamuru onyo liandikwe juu ya chombo. Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri huo upandishwe hadi 21. Sina ugomvi na hayo. Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na tangu 1988 pombe imo katika orodha ya visababishi vya saratani visivyo na shaka. Ila umri huchunguzwa dukani, ambapo muuzaji ana haraka, nalo jina husomwa mahali pote, mchana na usiku. Baadhi ya majimbo ya Marekani, yakiwemo Virginia na Illinois, yameona hatari hiyo na kuweka kanuni za kuvitenga vileo vyenye majina ya soda na rafu za soda zenyewe. Mimi ningekwenda mbali zaidi. Ningetaka jina lililokwisha kuwa la kinywaji cha watoto na vijana lisiruhusiwe hata kidogo kukaa juu ya kileo katika nchi hii, na ningetaka kila kopo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zisizohitaji miwani, ni gramu ngapi za kileo zilizomo. Asilimia ni hesabu ya kiwandani. Gramu mtu anazijua, hununua sukari nazo.

Tena ningetaka tujipatie maneno. Kileo ni neno adilifu, linasema kazi yake bila haya: ni kile kilevyacho. Lakini kinywaji cha kuongeza nguvu ni tangazo la biashara lililovaa kanzu ya Kiswahili. Nguvu gani inayoongezwa? Mtu aliyekunywa kafeini hana nguvu mpya, amekopa usingizi wake wa kesho.

Nilimpa yule kijana muda aliouomba, kwa sharti kwamba abadilishe mada ya insha. Nilimwambia anikusanyie majina ya vinywaji vyote vinavyouzwa katika maduka yanayozunguka mabweni, na mbele ya kila jina aandike kwa Kiswahili kile kinywaji kinachomfanyia mnywaji, si kile kinachomwahidi. Aliniletea orodha baada ya majuma matatu, imeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kama za mtoto wa chekechea. Mbele ya vile vya makopo alikuwa ameunda neno lake mwenyewe, kikesheshi, yaani kile kinachokesheza, kwa kufuata mfano wa kileo. Nililichunguza umbo lake, nikaona mofolojia ni safi, nikampa alama zote. Safu ya mwisho ilikuwa ya mchanganyiko wa hivyo viwili. Hapo hakuwa ameandika kitu. Nilimuuliza kwa nini ameiacha wazi, naye akautazama mkono wake akasema kwamba bado analitafuta neno.